Adapta Kumi na Moja, Bando Sifuri: Kweli na Uongo kuhusu Kuorodhesha Adapta za Mtandao

Ukipanda boti Kibirizi, Kigoma, ukaelekea kaskazini, ukaipita Hifadhi ya Taifa ya Gombe, unafika Mwamgongo. Mbele ziwa, mgongoni milima. Mwenye kompyuta katika kijiji kama hiki kwa kawaida hana waya wa intaneti unaoingia dirishani. Mtandao wake unatoka mnarani, unaingia kwenye simu, na kutoka kwenye simu unaifikia kompyuta kwa hotispoti, kwa waya wa USB au, akiwa na subira, kwa Bluetooth. Kesho yake anachomeka modemu ya kuazima. Keshokutwa bando limekwisha, lakini kompyuta bado inaonyesha kwamba imeunganishwa.

Programu anazozitumia ziliandikwa na mtu aliyeketi Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi, mwenye waya mmoja wa mtandao na intaneti isiyokatika. Mtu huyo aliiuliza mashine yake ina adapta zipi, akapata jibu fupi na safi, akajenga programu nzima juu ya jibu hilo. Programu ikifika mwambao wa Tanganyika inaanza kubabaika: inasema imeunganishwa wakati haijaunganishwa, inatuma picha kubwa kwa bando la mtu mwingine, au inadai leseni upya kwa sababu modemu imebadilishwa.

Kuorodhesha adapta za mtandao, au kadi za mtandao kama mafundi wengi wanavyoziita, ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Kinachosumbua ni imani tunazoibebesha orodha hiyo. Hizi ndizo zinazorudi mara kwa mara kwa wanafunzi, kwa mafundi, na kwa waandishi wa programu ambao wangepaswa kujua zaidi.

“Idadi ya adapta kwenye orodha ni idadi ya kadi zilizomo kwenye kompyuta.”

Uongo. Kwa mfumo endeshi, adapta ni kitu chochote kilichojisajili kwamba kinaweza kupokea na kupeleka pakiti. Nyuma yake inaweza kuwepo chipu, simu iliyochomekwa kwa waya, au programu tupu isiyo na chuma chochote.

Chukua kompyuta mpakato ya kawaida ya Windows ya mwanafunzi wa teknolojia. Orodha yake inaweza kuwa hivi: Ethernet, Wi-Fi, Bluetooth, adapta ya ndani ya 127.0.0.1, adapta mbili za Wi-Fi Direct ambazo Windows imezitengeneza yenyewe, moja ya VirtualBox, mbili za VMware, moja ya VPN aliyoiweka mwaka juzi akaisahau, na moja inayoitwa “Remote NDIS”, ambayo ni simu yake iliyochomekwa USB. Jumla kumi na moja. Ukiifungua mashine yenyewe kwa bisibisi, utakuta chipu mbili tu, kwa sababu Wi-Fi na Bluetooth mara nyingi hukaa kwenye chipu moja.

Ukitaka kujionea, Python inatosha, wala huhitaji kusakinisha kitu cha ziada:

import socket
for namba, jina in socket.if_nameindex():
    print(namba, jina)

Amri hiyo ipo Linux na Mac tangu Python 3.3, na Windows tangu 3.8. Anayetumia Java ana NetworkInterface.getNetworkInterfaces(), wa Go ana net.Interfaces(), wa C# ana NetworkInterface.GetAllNetworkInterfaces(). Zote zinauliza swali lilelile mahali palepale, yaani kwenye kiini cha mfumo endeshi.

Je, unaweza kuchuja adapta pepe zibaki za chuma? Unaweza, kwa tahadhari. Kwenye Linux, kila jina lililo chini ya /sys/class/net ni kiungo, na adapta pepe zinaelekeza kwenye /sys/devices/virtual/net. Kwenye Windows kuna Get-NetAdapter -Physical. Lakini kuna sifa moja ya zamani ya WMI, PhysicalAdapter, ambayo wengi wanaiamini kwa jina lake tu. Adapta ya VirtualBox isiyo na chuma hata kidogo inaweza kujitangaza hapo kuwa ni halisi, na Windows ikaandika “kweli”. Chuja kwa swali ulilonalo, usichuje kwa hamu ya kupata orodha fupi.

“Bila bando huwezi kufanya zoezi hili.”

Uongo, na ni uongo unaowanyima wanafunzi somo la bure. Orodha inatoka ndani ya mashine. Zima data, zima Wi-Fi, kaa chini ya mwembe ufukweni: msimbo ule utafanya kazi vilevile. Kwa kweli hapo ndipo unapofundisha vizuri zaidi, maana mwanafunzi anaziona adapta zote zimejipanga huku hakuna hata pakiti moja inayotoka. Anaelewa kwa macho yake kwamba kuwa na adapta na kuwa na intaneti ni mambo mawili.

“Adapta ikiwa hai na ina anwani ya IP, intaneti ipo.”

Uongo, na kati ya yote huu ndio unaoumiza zaidi watu wa mwambao.

Fuata njia ya pakiti. Kompyuta imeshika hotispoti ya simu. Simu imeipa anwani. Kwenye simu nyingi za Android za miaka ya nyuma anwani hiyo huanza na 192.168.43. Simu yenyewe ndiyo lango la kutokea. Programu ikiuliza, inajibiwa: adapta iko juu, anwani ipo, lango lipo. Kila jibu ni la kweli. Ila simu haina bando, au imehamia upande wa kilima ambako mnara hauonekani, na hakuna mahali popote kwenye orodha ya adapta ambapo jambo hilo limeandikwa. Neno “up” linakuambia kwamba kompyuta na simu zinasikilizana, basi. Kinachoendelea kati ya simu na mnara, na kati ya mnara na dunia, hakiihusu adapta ya kompyuta yako.

Ipo pia anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona, usishangilie. Mashine imeomba anwani, hakuna aliyejibu, ikaamua kujipa yenyewe, kwa utaratibu uliowekwa kwenye waraka wa kiufundi RFC 3927 wa mwaka 2005. Programu inayohesabu kwamba “ina anwani, kwa hiyo imeunganishwa” inadanganyika hapo mchana kweupe.

Kosa la upande wa pili lipo vilevile. Kwenye Linux baadhi ya adapta, hasa za VPN na za modemu zinazopiga namba, huandika hali yake kuwa “unknown” hata zinapofanya kazi vizuri. Mwandishi aliyechuja kwa neno “up” pekee anaitupa adapta ile ile inayoleta intaneti, kisha anamlaumu mtumiaji.

Dawa ni kuuliza nje. Windows hujaribu kusoma faili dogo kwenye www.msftconnecttest.com na kuangalia kama limejibu maneno inayoyategemea. Android huomba ukurasa ambao jibu lake sahihi ni namba 204, yaani “nimekusikia, sina cha kukupa”. Angalia kwamba vyote viwili vinapima jibu lenyewe, havitosheki na kujibiwa tu. Sababu ni kwamba bando likiisha, ombi lako linaweza kuelekezwa kwenye ukurasa wa kununua bando. Umejibiwa, ndiyo, lakini na mtu mwingine. Kwa programu yako mwenyewe kipimo bora ni kuiuliza seva yako, ile unayotaka kuitumia, na kuhakikisha kwamba ndiyo iliyojibu.

“Wi-Fi haili bando.”

Uongo. Mjini, penye mkongo, imani hii ina mantiki. Kwenye kijiji kinachoishi kwa hotispoti ni hasara.

Kigoma ina mfano wake hai. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE kwa ajili ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kazi hiyo ilizaa wafuatiliaji wa misitu wa vijiji, watu wanaopita porini na simu au vishikwambi vya Android, wakiandika walichokiona: mti uliokatwa, mtego, kiota cha sokwe. Chombo chao ni ODK, programu ya kukusanya takwimu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Uzuri wake ni kwamba fomu inajazwa bila mtandao, inahifadhiwa, na inatumwa baadaye.

Sasa tazama mipangilio ya kutuma. ODK inakuruhusu kuchagua fomu zitumwe zenyewe kwa Wi-Fi peke yake, kwa data ya simu peke yake, au kwa chochote kilichopo. Anayechagua Wi-Fi peke yake anadhani amelilinda bando. Lakini kishikwambi kikishika hotispoti ya simu ya mwenzake, kwa kishikwambi hiyo ni Wi-Fi halali kabisa. Adapta ni wlan0, aina ni Wi-Fi. Picha zote za wiki nzima zinaondoka, na bando linaloliwa ni la yule mwenye simu, ambaye alikuwa amelitunza atume pesa na kuongea na watoto.

ODK haina kosa hapa, maana aina ya adapta imesomwa sawasawa. Ni swali ndilo lililokuwa pungufu. Anayetaka kulinda bando asiulize “hii ni Wi-Fi?” Aulize “je, mtandao huu unalipiwa kwa kipimo?” Android ina jibu la swali hilo, linaitwa isActiveNetworkMetered(). Simu ya Android inapogawa hotispoti huambatanisha neno ANDROID_METERED kwenye majibu yake ya kugawa anwani, na kifaa kingine cha Android kinachounganishwa kinalisoma na kuelewa kwamba hapa kila kitu kinahesabiwa. NetworkManager ya Linux nayo inalielewa. Kwenye Windows usitegemee. Mwenye mashine aingie mipangilio, aiwekee Wi-Fi ile alama kwamba inalipiwa kwa kipimo. Wengi hawajui alama hiyo ipo mpaka siku Windows inapoamua kupakua masasisho yake saa mbili usiku na kulimaliza bando la mwezi.

Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, na baadaye vishikwambi vikawafikia walimu. Maana yake swali hili limeshatoka mikononi mwa watafiti. Mwalimu wa shule ya ufukweni analo.

“Adapta ya kwanza kwenye orodha ndiyo inayotumika.”

Uongo. Mpangilio wa orodha hauna maana ya kutegemewa. Anayeamua pakiti itoke wapi ni jedwali la njia, na humo kila njia ina uzito wake. Njia yenye uzito mdogo ndiyo inayopita kwanza. Windows, ikiachwa ijiamulie, huupa uzito mdogo waya wenye kasi kubwa. Kwa hiyo ofisi yenye ruta ya zamani isiyo na intaneti, lakini bado imechomekwa kwa waya ili watu watumie printa, inaweza kuzivuta pakiti zote kwenye waya huo mfu wakati hotispoti hai ipo pembeni inangojea. Mtu anachomoa waya wa printa, intaneti inarudi, na watu wanasema kompyuta ina mapepo.

Kama unataka kujua ni anwani gani kompyuta ingeitumia kutokea nje, ujanja huu ni wa zamani na bado unafaa:

s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.connect(("8.8.8.8", 53))
print(s.getsockname()[0])

Wengi wanafikiri hapo umeipigia simu seva ya Google. Hujaipigia. Kwa aina hii ya soketi, “connect” haitumi pakiti yoyote. Inaliuliza tu jedwali la njia lichague mlango. Haili bando, na itakujibu hata bando likiwa sifuri, ili mradi njia imeandikwa kwenye jedwali. Kwa hiyo ni kipimo cha njia. Usikigeuze kuwa kipimo cha intaneti. Na usitumie ule mtindo mwingine wa kuuliza jina la kompyuta kisha kulitafutia anwani: kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi utajibiwa 127.0.1.1, anwani isiyomfaa mtu yeyote aliye nje ya mashine hiyo.

“Anwani yoyote kwenye orodha naweza kumpa mwenzangu anifikie.”

Uongo. Jambo hili linawagusa walimu wanaotumia Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa kwa shule zisizo na intaneti. Mwalimu anaiwasha kwenye kompyuta moja, wanafunzi wanaingia kwa vishikwambi kupitia mtandao wa ndani. Ikianza, Kolibri inaonyesha anwani ambazo inaweza kufikiwa kwazo, na hapo ndipo mwalimu anapoduwaa akiona zipo kadhaa.

127.0.0.1 ni ya mashine kujisemesha yenyewe; mwanafunzi akiiandika kwenye kishikwambi, kishikwambi kitajitafuta chenyewe. 192.168.56.1 kwa kawaida ni ya VirtualBox, na 172.17.0.1 ni ya Docker. Zote ziko ndani ya kompyuta ya mwalimu, hazitoki nje ya boksi. Inayofaa ni ile ya adapta iliyo kwenye mtandao mmoja na vishikwambi. Kompyuta ya Windows ikiwa ndiyo inayorusha hotispoti, anwani hiyo ni 192.168.137.1. Iandike ubaoni kwa herufi kubwa, ufute zile nyingine zote.

“Adapta moja, anwani moja.”

Uongo wa haraka. Adapta moja inaweza kuwa na anwani ya IPv4 na kadhaa za IPv6 kwa wakati mmoja, na karibu kila mara mojawapo huanza na fe80, ambayo haivuki nje ya mtandao wa ndani. Waandishi wa C kwenye Windows bado wanakutana na mifano ya GetAdaptersInfo, ambayo inaijua IPv4 tu. Tumia GetAdaptersAddresses. Microsoft inashauri uanze kwa kuitengea kilobaiti 15 za kumbukumbu, na iwapo haitoshi urudie upya. Urudie kweli, kwa kitanzi, kwa sababu kati ya kuuliza ukubwa na kuuliza orodha mtu anaweza kuwa amechomeka modemu, na orodha ikawa ndefu kuliko ulivyoambiwa.

“Modemu ya USB huonekana kwenye orodha kama modemu.”

Mara nyingine. Modemu za Huawei ni darasa zuri. E3372 ipo ya aina mbili zinazofanana kwa sura: yenye herufi h na yenye herufi s. Ile ya h ni ruta ndogo iliyofungwa ndani ya kijiti. Kompyuta inaiona kama adapta ya Ethernet, inapewa anwani, na ukurasa wa kuisimamia ni 192.168.8.1. Ile ya s inajitokeza kama bandari za kutumia amri za AT, inapiga *99#, na adapta inazaliwa baada ya kuunganisha. Programu inayotafuta neno “modem” kwenye jina itaikosa ya kwanza, na ikitafuta adapta kabla ya kupiga itaikosa ya pili.

Kuna jambo la tatu linalowachanganya hata mafundi. Modemu nyingi zikichomekwa kwa mara ya kwanza hujifanya CD, ili kompyuta ipate draiva iliyomo ndani yake. Hapo kwenye orodha ya adapta hakuna kitu kabisa. Windows ikishasakinisha draiva, kifaa hugeuka. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na usb_modeswitch. Basi fundi asiyeiona modemu kwenye adapta aangalie kwenye diski kabla ya kutangaza kuwa imekufa.

“MAC ni kitambulisho cha kudumu cha kompyuta, kama IMEI ya simu.”

Uongo, na Tanzania tuna sababu yetu ya kuuamini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia, na nchi nzima ilijifunza kubonyeza *#06# na kuzitazama tarakimu 15 za IMEI. Tangu hapo, ukimtajia mtu namba ya kutambulisha kifaa, anaamini imekwishafungwa kwenye chuma milele.

IMEI ni ya redio ya simu inapozungumza na mnara. Msimbo wa kuorodhesha adapta haukuonyeshi IMEI. Unachokiona ni MAC, biti 48 zinazoandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa 16. Nusu ya kwanza hutolewa na IEEE kwa mtengenezaji, nusu ya pili mtengenezaji anaijaza. Hapo imani inapata nguvu. Lakini MAC ni ya adapta, si ya kompyuta: kijiti cha Wi-Fi kikihamia mashine nyingine kinaondoka na MAC yake. Programu inaweza kuibadilisha. Na tangu Android 10 mwaka 2019, na iOS 14 mwaka uliofuata, simu hujitungia MAC ya bahati nasibu kwa kila mtandao wa Wi-Fi zinaojiunga nao, ili mwenye Wi-Fi asiwafuatilie watu.

Ukitaka kuitambua MAC ya kutungwa, tazama tarakimu ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, basi haikutoka kwa mtengenezaji. Hapo utaelewa kwa nini mfumo unaohesabu “wageni wapya” kwa MAC hutoa namba za ajabu. Na aliyeandika programu kwa ajili ya Android 11 na kuendelea akiiomba MAC ya kifaa hupewa tupu. Google ilifunga mlango huo kwa makusudi.

Walioumia zaidi ni walionunua programu ambazo leseni yake imefungwa kwenye MAC ya “adapta ya kwanza”. Ukichomoa modemu, adapta ya kwanza inakuwa nyingine na programu inakuita mwizi. Mwandishi wa programu anayefanya hivyo mwaka huu hana utetezi.

“Jina eth0 litakuwa eth0 daima.”

Uongo. Tangu 2013 systemd imezipa adapta za Linux majina yanayotokana na mahali zilipo, kama enp3s0 na wlp2s0. Modemu ya USB ukiihamisha tundu, jina linaweza kubadilika. Windows nayo huongeza “Ethernet 2”, “Ethernet 3”. Usiandike jina la adapta ndani ya msimbo.

“Ni lazima uwe msimamizi wa mashine ndipo uweze kuorodhesha.”

Uongo kwa kuorodhesha, kweli kwa kubadilisha. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kutazama; kuzima adapta au kubadili anwani ndiko kunakohitaji mamlaka.

“Ukurasa wa tovuti hauwezi kuziorodhesha adapta za kompyuta yangu.”

Kweli, na tushukuru. JavaScript ya kwenye kivinjari haina amri ya kuuliza hivyo. Ikiwa mtu amekuuzia “mfumo wa kwenye tovuti” unaosoma MAC ya kila kompyuta, basi amekusakinishia kitu kingine kando, muulize ni nini.

“Ukishaorodhesha wakati programu inaanza, inatosha.”

Uongo. Orodha ni ya sekunde ile tu. Mwenye simu akiondoka na hotispoti yake kupanda boti, adapta inashuka. Akirudi jioni inapanda tena, pengine na anwani nyingine. Mifumo endeshi yote mikubwa ina njia ya kukuarifu mabadiliko: Linux ina netlink, Android ina registerNetworkCallback, Windows ina NotifyIpInterfaceChange, na .NET ina tukio la NetworkAddressChanged. Kujiandikisha kupokea taarifa hizo kunakula umeme kidogo kuliko kuuliza upya kila sekunde, na kwa anayechaji kwa sola hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa programu, kabla hujaituma kazi yako Kigoma ifanyie jaribio moja. Chomoa waya wa ofisi, zima Wi-Fi ya kazini, washa hotispoti kwenye simu yenye laini isiyo na bando, kisha ifungue programu yako. Ikisema “umeunganishwa”, bado haijawa tayari.